Karatasi inasema faida milioni 17, droo ina milioni moja

Shikamoo Mzee wa Hesabu,

Mimi ni mama wa miaka 41, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Nauza saruji, nondo, mabati, misumari, rangi na mabomba. Nilianza na kibanda kimoja, sasa nina fremu mbili, vijana wawili niliowaajiri na guta la kupelekea wateja mzigo.

Hivi karibuni nilikwenda benki kuomba mkopo wa milioni 20 niongeze mzigo wa mabati. Ofisa mikopo akataka mahesabu ya mwaka. Mhasibu wangu akaniandalia karatasi mbili, akasema ya tatu ataimalizia. Katika hizo mbili nilielewa mstari mmoja tu: faida kabla ya kodi, shilingi 17,400,000. Mzee, nilicheka peke yangu. Tarehe 31 Desemba nilifunga duka nikiwa na 1,150,000, yaani benki, simu na droo kwa pamoja. Na mwaka huo huo nilikuwa nimeuanza na 8,600,000.

Karatasi nikaiacha mezani, baba watoto akaiona. Hakugomba. Aliuliza taratibu tu, "Hizi milioni 17 umeziweka wapi?" Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya watoto basi.

Nakuandikia namba kama zilivyo. Mauzo 186,000,000. Mzigo wa mwanzo wa mwaka 22,000,000, manunuzi 163,000,000, mzigo uliobaki 37,000,000. Pango 4,800,000, mishahara 7,200,000, umeme, ulinzi na simu 2,500,000, mafuta na matengenezo ya guta 2,100,000, riba 2,400,000, na kitu wanaita uchakavu 1,600,000. Guta nilinunua Januari kwa 8,000,000, kutokana na mkopo wa 15,000,000 nilioupata mwezi huo huo. Nimesharejesha 7,000,000, mbali na riba. Wateja niliowakopesha walikuwa wanadaiwa 3,200,000 mwaka ulipoanza, sasa wanadaiwa 14,500,000. Ndani yake kuna fundi mmoja aliyechukua mabati ya 4,600,000 mwezi wa tano, siku hizi simu hapokei. Mimi nadaiwa na wasambazaji 13,600,000, mwaka ulipoanza walikuwa wananidai 4,000,000. Kodi ya makadirio nimelipa awamu zote nne, jumla 2,400,000. Ya nyumbani, yaani ada, chakula na msiba wa mama mkwe, nimechukua 7,350,000.

Kwenye kila mauzo ya 100,000 huwa napata kama 17,000, hilo nalijua kwa kichwa. Mzigo wa mwisho wa mwaka walihesabu vijana jioni ya tarehe 31, wakaandika kwa bei tulizobandika, maana mhasibu alikuwa na kazi nyingi. Mwaka wa kabla yake alikuja mwenyewe na ankara zake. Hatukuacha kitu, hata ile mifuko 40 ya saruji iliyopigwa na mvua ya vuli ikaganda tumeiandika. Tuliinunua 14,500 mmoja.

Je, nimeibiwa? Mhasibu kakosea? Na kodi ya hiyo faida nitalipa na nini?

Mama Mabati, Morogoro

---

Marahaba mwanangu.

Nimekaa na namba zako tangu baada ya chai, na karatasi nimeijaza pande zote mbili. Hukuibiwa. Hela yako nimeiona yote, mpaka shilingi ya mwisho, na sasa hivi nitakuonyesha ilipo. Ila kuna jambo umelitaja mwishoni kama la kupita, la vijana kuhesabu mzigo. Hilo tutalirudia, maana ndilo lililonifanya niweke kikombe chini.

Tuanze na hiyo karatasi ya faida na hasara. Inauliza swali moja: kwa mwaka mzima, ulichouza kimezidi gharama zake kwa kiasi gani? Haiulizi kama mteja amelipa. Siku yule fundi alipopakia mabati yake akaondoka, karatasi iliandika mauzo 4,600,000 na faida yake ikahesabiwa hapo hapo. Kwamba simu hapokei, karatasi hiyo haina habari. Kadhalika haikuandika milioni 8 za guta, haikuandika milioni 7 ulizorudisha benki, na haikuandika ada ya watoto. Kwa hiyo mtu akiisoma peke yake akategemea kukuta hela droo, ataishia kugombana na mwenziwe bure.

Karatasi ya tatu, ambayo mhasibu hajakupa, ni ya mtiririko wa fedha. Tuitengeneze wenyewe. Chukua kalamu, na kama inawezekana mwite baba watoto akae pembeni yako.

Andika 17,400,000. Ule uchakavu wa 1,600,000 hukumlipa mtu. Guta la milioni 8 mhasibu amelikadiria kuvuta mizigo miaka mitano, basi kila mwaka anakata moja ya tano kama gharama. Hela haikutoka, irudishe. Unapata 19,000,000.

Mzigo ulikuwa 22,000,000, umefika 37,000,000. Maana yake milioni 15 zimesimama stoo zikiwa nondo na mabati. Toa. Zimebaki 4,000,000.

Wateja wa mkopo wametoka 3,200,000 wakafika 14,500,000. Hizo 11,300,000 ni jasho lako lililoko kwenye mapaa ya watu. Toa. Sasa umepita sifuri, uko chini kwa 7,300,000.

Kilichokunyanyua ni mali kauli. Wasambazaji wamekuongezea deni la 9,600,000, yaani umechukua mzigo wao na hela yao hujawapa. Ongeza. Umerudi juu, una 2,300,000. Izungushie duara namba hii, maana ndiyo fedha ambayo biashara yenyewe imezalisha kwa miezi 12 ya kufungua alfajiri.

Toa guta, 8,000,000. Ongeza mkopo, 15,000,000. Toa marejesho, 7,000,000. Riba usiitoe tena, tayari imo kwenye gharama. Utaona imerudi 2,300,000 ile ile, ni bahati tu ya namba. Toa kodi ya makadirio 2,400,000, toa ya nyumbani 7,350,000. Umepungukiwa 7,450,000.

Mwaka ulianza na 8,600,000. Ondoa 7,450,000. Zimebaki 1,150,000. Hesabu ya droo yako, kamili.

Mwambie baba watoto hivi: za nyumbani ni 612,500 kwa mwezi, na ndani yake kuna msiba wa mama yake mzazi. Hapo sidhani kama atakuwa na swali jingine.

Sasa lile jambo.

Faida yako ghafi, yaani mauzo kutoa gharama ya bidhaa zilizouzwa, ni milioni 38. Igawe kwa mauzo ya milioni 186. Inazidi asilimia 20. Wewe mwenyewe, bila karatasi, unaniambia unapata 17 katika mia. Miaka niliyofanya kazi hii nimejifunza kumwamini mwenye duka kuliko kikokotoo. Mtu anayepanga bei kila siku akisema 17, na karatasi ikisema 20, kuna kitu karatasi imemeza.

Imemeza nini? Tazama gharama ya bidhaa zilizouzwa inavyopatikana: mzigo wa mwanzo, jumlisha manunuzi, toa mzigo uliobaki. Kwako ni 22 jumlisha 163 toa 37, yaani milioni 148. Ona huo mzigo uliobaki unavyofanya kazi. Kadiri unavyouandika mkubwa, gharama inashuka na faida inapanda, hata kama siku hiyo hakuna aliyenunua msumari. Kuna wafanyabiashara wanaouandika mkubwa makusudi wapendeze benki. Ninyi hamkukusudia. Vijana wamefuata bei iliyobandikwa, ambayo ndani yake tayari kuna faida. Mmehesabu faida ya bati ambalo bado limeegemea ukutani.

Mzigo uliobaki huandikwa kwa bei uliyonunulia, pamoja na gharama ya kuufikisha dukani. Na kama kitu kimeharibika kiasi kwamba hakiuziki hata kwa bei uliyonunulia, kinaandikwa kwa kile kitakachopatikana, basi. Tusahihishe kwa makadirio. Asilimia 17 ya 37,000,000 ni 6,290,000. Hiyo si mali, ni matumaini. Iondoe. Halafu saruji: mifuko 40 kwa 14,500 ni 580,000, na saruji iliyoganda hata bure watu hawachukui, labda wa kuzibia shimo la njia. Iondoe nayo. Mzigo wako halisi ni kama 30,130,000.

Faida nayo inashuka kwa kiasi hicho hicho, kutoka 17,400,000 hadi 10,530,000. Milioni 6 na laki 8 na ushee zimeyeyuka, na kabla ya kuondoa saruji faida ghafi ilikuwa imerudi kwenye asilimia 17, pale pale uliposema.

Na droo? Bado ina 1,150,000. Rudia ile safari ya namba ukianza na 10,530,000, utakuta ongezeko la mzigo nalo limepungua kwa kiasi kile kile, na unafika mahali pale pale. Faida inategemea nani kahesabu stoo na kwa bei gani. Noti za kwenye droo kila mtu atazihesabu sawa. Kwa hiyo ukikosea stoo droo haitakushtua. Utashtuka siku ya kodi, maana ungelipia faida ambayo bado imo kwenye mabati ya ukutani.

Mzigo wa mwanzo sijaugusa kwa sababu umesema mwaka ule mhasibu alikuja na ankara zake. Kama nao ulihesabiwa kwa bei za ukutani, niandikie tena, hesabu yangu itabadilika.

Tumalizie na mizania, ile karatasi ambayo naamini uliifunua ukaifunika. Mizania inahusu siku moja tu, kwako ni tarehe 31 Desemba usiku. Upande mmoja ni vyote vya duka: fedha 1,150,000, madeni ya wateja 14,500,000, mzigo 30,130,000 kwa namba yetu mpya, na guta ambalo baada ya uchakavu limebaki 6,400,000. Jumla 52,180,000. Upande wa pili ni vya watu: wasambazaji 13,600,000 na benki 8,000,000. Ukitoa, kilicho chako ni 30,580,000.

Mwanzoni mwa mwaka, kwa hesabu hiyo hiyo, kilicho chako kilikuwa 29,800,000. Mwaka mzima wa guta, fremu mbili na mauzo ya milioni 186 umekuongezea mtaji wa 780,000.

Yule fundi asipolipa zake 4,600,000, umerudi nyuma kwa karibu milioni 4. Ndiyo maana nikiletewa mizania mimi huenda kwanza kwenye mstari wa wateja wanaodaiwa, na swali langu la kwanza huwa ni lini walikopa. Deni la wiki mbili unaweza kuliita fedha. La tangu mwezi wa tano bado lina jina la mtu, lakini uzito wake unapungua kila mwezi. Mwambie mhasibu akupangie madeni yote kwa umri: ya mwezi huu, ya miezi mitatu, ya zaidi ya hapo. Ukiona majina ya safu ya mwisho utajua nani asipewe hata kilo moja ya misumari.

Mkopo wa milioni 20, kwa sasa, hapana. Najua si jibu ulilolitaka. Benki unailipa kama 783,000 kwa mwezi ukiunganisha riba na deni lenyewe. Duka, riba ikishatolewa, limezalisha 2,300,000 kwa mwaka, na hizo zimepatikana kwa sababu wasambazaji wamekuvumilia. Kwa lugha ya mtaani, umekuwa ukilipa benki kwa hela ya mwenye saruji. Yeye akisema mali kauli basi, leteni fedha, una 1,150,000 mbele ya deni la 13,600,000. Na unataka kukopa ili uongeze mzigo, wakati stoo, kwa kasi yako ya kuuza, ina mzigo wa zaidi ya miezi miwili. Mabati si haba kwako, mwanangu. Kilicho haba ni hela ya mabati uliyokwisha kuuza.

Kwa hiyo zunguka stoo mwenyewe kabla hujazungumza na mtu wa benki. Bidhaa ambayo haijaguswa miezi mitatu, ipunguze bei itoke, hata kama utapata ile ile uliyonunulia. Kila kundi la mzigo liandikie kikomo, ili msambazaji akija na ofa yake ya "chukua mia tukupunguzie" uwe na jibu. Wateja wa mkopo nao wawe na kikomo na tarehe, waweke sahihi. Ya nyumbani jipangie mshahara wa mwezi usiopanda, ukishachukua umechukua, droo usiishike tena mpaka mwezi mwingine. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote, nalijua, mimi mwenyewe mke wangu alikuwa na kigenge cha nyanya na nilikuwa mwizi wake mkuu.

Kwa mhasibu rudi wiki hii. Usiende kumshitaki, kosa ni la watu wawili, yeye alipokea namba bila kuuliza, wewe ulitoa bila kusema ni za bei gani. Nenda na ankara za manunuzi na orodha ya vijana, mhesabu upya. Saruji iliyoganda ipige picha, iandikie karatasi yenye tarehe na idadi, usiitupe kabla ya kufanya hivyo, maana TRA, watu wa kodi, wakiuliza 580,000 zimeenda wapi utakuwa na cha kuonyesha. Uliza pia kuhusu uchakavu, kwa sababu hesabu za kodi zina viwango vyake ambavyo si lazima vilingane na ile moja ya tano. Muda upo: kwa anayefunga mwaka Desemba, ritani ya mwaka, ile fomu ya kodi, ina mwisho wake 30 Juni. Mwombe akupe karatasi zote tatu kwa pamoja, za mwaka huu zikiwa pembeni ya za mwaka uliopita, na asiondoke mpaka akuonyeshe kwa kidole namna faida inavyofika kwenye droo. Akishindwa kuonyesha, wapo wengine waliosajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu, hapo Morogoro.

Na fundi. Acha kumpigia simu. Uliza kwenye vijiwe vya mafundi anajenga wapi sasa, nenda mwenyewe na daftari lenye sahihi yake, Jumamosi jioni. Ndiyo siku wanayolipwa saiti.